Mashine Iliyopumzishwa Siku ya Puja

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Menuka Bhusal, fundi wa kompyuta wa mkataba, amepiga magoti chini ya meza ya karani mkuu katika ofisi moja ya ardhi kusini mwa Nepal. Anapangusa unga mwekundu na punje za mchele kwenye kisanduku cheusi kisichozidi tofali. Dirishani watu wapatao sitini wanasubiri hati zao, na hakuna hata karatasi moja inayotoka.

Kisanduku hicho ndicho seva. Kompyuta zote kumi na nne hupeleka kazi kwake, nacho huzipanga foleni na kuzituma kwenye printa mbili za ukumbini. Zamani kila ofisa alikuwa na printa yake, kaifunika kitambaa, na wino kaufungia drooni.

"Printa ilikuwa cheo," anasema Menuka, mwenye miaka 34. "Kumwambia bosi karatasi yake itatoka baada ya ile ya karani, nilijua nimejitafutia balaa."

Mkataba wake unaisha keshokutwa. Mkuu wa ofisi, Ghanashyam Adhikari, alishamwambia wazi kwamba mfumo huu mpya ukitulia atampa mkataba mwingine. Ukiyumba, kila mtu atarudishiwa printa yake.

Jana ilikuwa puja ya Vishwakarma, ibada ya Kihindu kwa mungu wa mafundi. Vyombo vyote vya kazi vilipakwa tika, alama ya baraka ya unga mwekundu na mchele, vikavishwa maua na kupumzishwa. Tarishi wa ofisi, Tek Bahadur Kunwar, aliichomoa seva kwenye umeme.

"Lori linapumzika, msumeno unapumzika," anajitetea. "Hiki kinachotushinda wote kwa kazi kisipumzike? Nimekipa maua kuliko gari la bosi."

"Na mchele kwenye feni, kaka Tek."

"Basi chenyewe kimekula, mdogo wangu. Wewe je?"

Mchele haukuwa tatizo. Seva ilipowashwa leo, ilipewa anwani mpya kwenye mtandao, na kompyuta zote zikaendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya jana. Menuka alitakiwa kuiwekea anwani ya kudumu tangu mwanzo. Hakuiweka.

Karani mkuu tayari anamfokea Tek, na ni rahisi sana kunyamaza. Menuka hanyamazi, na nakiri nilimheshimu kwa hilo.

"Kosa ni langu, mkuu," anamwambia Adhikari. "Nipe dakika ishirini."

"Watu wako dirishani. Kumi na tano."

Dakika ya kumi na nane, hati ya kwanza inatoka. Zinafuata nyingine saba, kisha barua ya Adhikari, ambaye amesimama kando ya printa muda wote akiisubiri.

Anaichukua, anaisoma, kisha anamgeukia Menuka. "Jina lako kamili ni nani? Niandikie."

Kwa miezi minane amekuwa akimwita "dada wa kompyuta" tu.

"Sijui analitakia mkataba au barua ya onyo," Menuka ananiambia baadaye, akikunja waya. "Naomba Mungu uwe mkataba. Ila yoyote itakayokuwa, itapita kwenye seva yangu."