Mgeni Aliyevuta Moshi wa Mama

Cheka ukitaka. Hata mimi ningecheka kama ningehadithiwa na mtu mwingine. Lakini haya yalinipata mwenyewe, hapa hapa Doha, taa zote zikiwaka.

Mimi ni Mkenya wa Bungoma, na kazi yangu ilikuwa kuhudumia divai katika mkahawa wa hoteli. Pua ndiyo iliyoniajiri. Pua hiyo hiyo ndiyo niliyomkumbukia mama. Alifariki nikiwa huku, sikupata ruhusa ya kwenda kumzika, nikaletewa leso yake tu. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni chumbani kwetu Al Rayyan. Siku za mapumziko nilikuwa naifungua kidogo, nanusa moshi wa jikoni kwake, kisha naifunga haraka usije ukaisha.

Basi magharibi moja, kabla wateja hawajaingia, nikakuta mzee wa Kizungu ameshaketi. Amevaa koti zito la sufu, na joto lile! Aliagiza divai nyekundu ya pwani ya Mediterania, ya mizabibu iliyopandwa enzi za mababu. Mizabibu mizee huzaa kidogo, ila huzaa kitu kizito. Divai yake haitaki pupa: unaipoza kidogo, unaimimina polepole kwenye jagi la kioo ili mashapo yabaki chupani, unaiacha ipumue, ndipo unainywa na nyama ya kondoo.

Salum, mwenzangu wa Unguja, hagusi chupa. Yeye alileta nyama. Mzee hakula wala hakunywa. Aliinamia sahani akavuta pumzi. Akainamia glasi akavuta tena, pumzi ndefu. Nilipoiondoa glasi ile nikainusa, niamini, hamkuwa na kitu. Hata maji ya bomba yana harufu kuliko divai ile. Nyama nayo ilikuwa inafuka mvuke, lakini hainukii.

Nikadhani divai imeharibika. Desturi yetu ni mhudumu kuonja, kwa hiyo nikajimiminia tone kutoka kwenye jagi. Wapi! Ilikuwa nzima kabisa.

"Unasikia harufu gani, kijana wangu?"

Kwa Kiswahili! Tena cha kwetu Bungoma. Nilifurahi kama mjinga.

"Udongo baada ya mvua, mzee. Na moshi, kama jikoni kwa mama."

"Huo moshi naomba nami niusikie."

Sasa mgeni akiomba, sisi husemaje? Mdomo ukatangulia: "Karibu, mzee."

Nyuma yangu Salum aliangusha sinia. "Usimkaribishe!"

Mzee alikuwa ameshanisogelea. Alivuta pumzi usoni pangu, na baridi ikanipita puani hadi kisogoni. Nikafumba macho. Nilipofumbua, kiti kilikuwa kitupu.

Siku hizi naosha vyombo. Madaktari wanasema pua yangu haina kasoro. Usiku ule niliifungua leso, nikavuta hadi kifua kikauma. Kitambaa tu. Nililia, sikufichi. Salum akaichukua kwa adabu, akainusa.

"Imejaa moshi, kaka. Bado upo."

Kila Ijumaa humpa ainuse, kisha namuuliza kama ungalipo.

Ukarimu ni mzuri, ndugu yangu. Lakini mgeni usiyemjua akikuuliza unasikia harufu gani, mwambie husikii kitu. Na kama una leso ya mama yako, inuse leo.