Mkono Kwenye Pazia

Saa tatu kasorobo asubuhi, Masika amekwisha kusimama. Jumba la sanaa, kaskazini mwa Johannesburg, halijafunguliwa, lakini mlinzi huyu yuko mahali pake, amevaa viatu vyeusi vya kampuni. Atasimama hivyo hadi saa kumi na moja jioni. Mlinzi kukaa ni marufuku.

Mbele yake, katika mchoro wenye fremu ya dhahabu, mwanamke wa Ulaya ya miaka ya 1860 ameketi kwenye kochi, mgongo umeelekea kwetu. Ameshika machoni kifaa cha mbao chenye vioo viwili, ajabu mpya ya zama zile: unaweka kadi yenye picha mbili, unachungulia, picha zinaungana na unaona milima kana kwamba uko palepale. Starehe ya nyumbani, tena ya kisasa.

Kibao cha maelezo kilisema: "Mwanamke peke yake na picha zake."

"Peke yake wapi?" anauliza Masika, na hasira inampanda hata leo. "Miye niko mushonaji. Ile robe iko na vifungo makumi mbili na mbili ku mugongo. Nani alimufunga?"

Alishona nguo Butembo, mashariki mwa Kongo, miaka kumi na mmoja kabla vita havijamfukuza. Alipoona vile vifungo vya gauni, akamtafuta mfungaji, na akampata: pembeni kabisa, vidole vinne vinashikilia pazia ili mwanga uingie kwenye kile kifaa. Wasomi walipita hapo miezi mitatu bila kuviona.

Februari 2017 aliwaonyesha wanafunzi waliokuja na mwalimu wao. Kesho yake akapewa onyo la maandishi: mlinzi hazungumzi na wageni kuhusu sanaa.

Hilo angelimeza. Lakini wiki tatu baadaye kibao kikabadilishwa. Kipya kinaeleza vifungo ishirini na viwili, na mkono wa mtumishi kwenye pazia. Chini kuna jina la msimamizi wa maonyesho. La Masika halipo. Onyo lake lingali kwenye faili, mkataba unaisha Juni, na mwenye onyo haongezewi.

"Banaandika mukono ya ule mutumishi, halafu banakata yangu," anasema. "Eish! Hata haya habana."

Msimamizi, alipoulizwa na gazeti hili, alijibu kwamba ugunduzi huo ni "kazi ya timu." Timu gani hiyo, ambayo mmoja anasifiwa na mwingine anaonywa?

Mkuu wa walinzi amemwambia aombe radhi kwa barua, onyo lifutwe. Thérèse, msusi anayeishi naye mtaa wa Rosettenville, alimsihi: "Mama Masika, andika tu ile pardon. Kazi ikiisha, utakula nini?"

Masika amekataa. "Nikiomba pardon, nimekubali ule mama alijifunga peke yake."

Jumapili hii hayuko zamu. Ibada ikiisha kanisani kwao Turffontein, atakwenda jumbani na akina mama kumi na wanne wa kwaya, wote ndani ya vitenge, kila mmoja na tiketi yake. Kanuni ya kutozungumza na wageni, aliyoitia saini, inamhusu akiwa kazini tu. Ameisoma mara nne kuhakikisha.

"Siku ile niko mugeni," anasema. "Nitasimama mbele ya ile picha, nitasema yote bile nilisema kwa batoto. Kwa sauti. Na nitaanza na jina yangu."