Sweta Nililokuwa Nimelivaa

Ilianza Alhamisi, saa nne na dakika arobaini asubuhi, tuliporudi darasani kutoka kunywa uji. Saa naikumbuka kwa sababu nimeirudia kichwani mpaka imenichosha.

Wiki hiyo nilikuwa na mpango wangu wa kujifunza kuongea na watu. Dada alikuwa ameniambia, "Unajua watu wanakuonaje? Wanasema unaringa." Mimi siringi. Naogopa tu. Mtu akinisalimia naitikia, halafu maneno yananiishia. Basi nyuma ya daftari la Uraia nikaandika maswali kumi na mawili ya kuuliza watu, nikayakariri kama kanuni za Fizikia.

Nilianza na mwenzangu wa dawati, kwa sababu yeye hanitishi. Tunatoka wote Mandewa, tumekaa pamoja tangu kidato cha kwanza. Siku hiyo kulikuwa na upepo ule wa vumbi na baridi, karibu kila mtu amejikunyata ndani ya sweta. Yeye hakuwa nalo.

"Leo umevaa sweta," akaniambia kwa sauti ya chini. Nyuma yetu kuna madawati ya wavulana.

"Ndiyo, baridi." Halafu haraka, kabla sijasahau: "Eti, kwenu mmelima nini mwaka huu?"

Akanitazama. "Alizeti. Wewe husikii joto nalo?"

"Wala. Mmeshavuna?"

"Tumemaliza." Akagusa ncha ya sweta langu. "Ila hilo sweta lako refu, ee? Linafika mpaka huku chini."

"La dada. Na ukimaliza kidato cha nne unataka kusomea nini?"

Najua. Ukisoma hapa unaona kila kitu. Mimi sikuona. Nilikuwa nahesabu: maswali matatu, na ya kwanza mawili yamejibiwa, leo naongea kama watu. Nilifurahi kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwalimu wa Jiografia akaingia. Darasa zima tukasimama: "Shikamoo mwalimu!" Mwenzangu peke yake akabaki amekaa. Kwetu, kumwamkia mkubwa umekaa ni kama umemtukana.

"Wewe, umekuwa malkia?"

"Samahani mwalimu, naumwa."

"Unaumwa miguu? Simama unisalimie kama wenzako."

Akanigeukia. Hakumtazama mwalimu, alinitazama mimi. Hata hapo nikafikiri anataka kujua kama mwalimu amekasirika kweli, nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, simama.

Akasimama. "Shikamoo mwalimu."

Nyuma mtu akacheka. Mwingine akadakia, "Jamani, amekalia rangi!" Mwalimu akaona, akainamisha macho kwenye kitabu, akamwambia aende tu nyumbani. Akatoka amejiziba kwa daftari nyuma ya sketi. Daftari! Na mimi nimekaa na sweta mwilini.

Jioni sikutulia. Nilichambua mlenda nikatupa majani nikabakiza vijiti, mama akanigombeza kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akichoka na mimi. Nikaingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Nikajaribu kuandika maneno ya kumwomba radhi. Kila sentensi ilianza na mimi: mimi sikujua, mimi najisikia vibaya, mimi sikukusudia. Nikayakata yote. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa letu alichekwa hivyohivyo. Kesho yake hakuja, na keshokutwa, halafu tukasikia amekwenda kwa shangazi yake huko Sepuka. Hakurudi tena shule. Hilo ndilo nililoliogopa.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa uani kwao mwenzangu wa dawati. Nilimkuta amejifunga kanga, amesimama karibu na kamba ya nguo.

"Umefuata nini?"

Nikasogea karibu.

"Siendi leo," akasema. "Kichwa kinauma."

Mkono wake ulikuwa kwenye kamba, unaminya pindo la sketi ya shule. Akaliachia. Akaniambia tena habari za kichwa, jinsi kilivyomgonga usiku, na mkono ukarudi palepale, ukaminya. Swali la kumuuliza lilinijia, nikaliacha lipite. Nikautazama ule mkono. Sketi anayo moja tu. Aliifua jana jioni, na kwa baridi ile haikukauka.

"Mkaa uko wapi?" nikauliza.

"Wa nini?"

"Wa pasi."

Akaitazama ile sketi, akanitazama mimi. Mwishowe akaonyesha jikoni kwa kidevu.

"Utachelewa mstarini. Watakuchapa."

"Tutachelewa wote."

"Na wale wakicheka tena?"

Nikavua sweta, nikamtundikia begani, nikaenda kuwasha mkaa. Niliporudi na pasi inatoa cheche, alikuwa amelivaa, na ameshaitandika sketi juu ya meza.