Beseni la Kobe

Hadithi hii ilianza Jumamosi moja, saa tisa ya mchana, baba mdogo aliporudi kutoka Kilembwe na kobe wawili ndani ya gunia la mihogo. Niliikumbuka jana, nilipoona kobe akivuka barabara ya Mboko, nami nikiwa hoi, bidoni ya maji kichwani.

"Chagua moja, ile ingine ni ya shangazi yako," alisema.

Mmoja alikuwa anatembea tembea. Mwingine alificha kichwa, akinuka udongo na moshi. Nilimchukua huyo. Mimi pia wageni wakija najificha, nikadhani tutaelewana.

Kwetu Baraka, kando ya ziwa, kila mnyama mgeni niliyemjua alitoka kwenye wavu wa wavuvi, nikadhani naye ni wa majini. Basi nilichota maji ziwani mpaka mabega yakauma, nikajaza beseni la mama, nikatia na ndagala wachache, wale samaki wadogo, awe na chakula. Nilipomtumbukiza, alinyoosha shingo yote juu.

"Bibi, angalia, amefurahi!"

Bibi, aliyekuwa anafagia, alitupa ufagio, akamtoa. "We mutoto! Huyu haiko samaki, ni wa pori! Anatafuta pumuzi, we unasema anafurahi?"

Tulimlaza kwenye mchanga mkavu. Hakusogea mpaka giza likaingia. Sikuweza kula.

Asubuhi nilimkuta amehamia kwenye matembele, kichwa ndani. Nilimwagia matembele maji yote ya beseni, nikalipindua chini, nikalikalia nikiwa nimempa kobe mgongo, maana mimi mwenyewe nikiangaliwa sitoki.