Kufuli Kwenye Nyasi

Kila jioni, kabla hajamruhusu mwanawe kupanda bembea, Immaculate Adongo huipanda yeye mwenyewe kwanza. Hukaa na uzito wake wote, akajisukuma, akainua macho pale mnyororo unaposhikana na chuma cha juu. Akishuka, hupitisha kiganja kwenye mtelezo kutafuta misumari, kisha huinama kutafuta vigae vya chupa chini yake. Maxwel, ambaye bado hajaanza shule, humngoja akiwa ameushika mkoba wa mama yake kwa mikono miwili. Yeye ameshazoea. Watu wazima ndio hawajazoea.

"Mama Maxi, hiyo bembea ikikatika, tutajua ni wewe umeichosha," wanawake humtania.

"Heri iniangushe mimi," huwajibu.

Tunaishi naye ukuta kwa ukuta katika nyumba za zamani za reli hapa Nakuru, ambako babu yake aliletwa kutengeneza mabehewa. Hushona sare za shule mlangoni pake. Maziwa huyachemsha mara mbili. Akipigiwa simu na kuambiwa ameshinda zawadi, humuuliza mpigaji kwanza jina la mama yake mzazi.

Mvua za mwaka huu zilipogeuza uwanja wetu mdogo kuwa bwawa, wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa waliamua kutafuta mahali pa kuwapeleka watoto pamoja kila Jumamosi. Kazi ya kukagua wakampa Immaculate. Mugure, mwenyekiti wetu, alisema mahali Mama Maxi atakapopakubali, hata malaika anaweza kulala mlango wazi. Mimi nilitumwa kumsindikiza kwa sababu sina mtoto na huwa sibishani.

Bustani ya mjini ina vivuli vizuri, lakini mtelezo wake umeliwa na kutu. Katika hoteli moja ya Milimani, askari wa langoni alitazama viatu vyetu kabla ya kututazama usoni, tukageuza. Ndipo mwanamume mmoja aitwaye Dalmas akajitokeza baada ya misa. Alikuwa na ploti upande wa kwenda Rongai, alisema, yenye nyasi, bembea, trampolini, maji na choo. Bure kabisa.

"Napenda tu kuona watoto wakicheza," alimwambia Mugure.

Immaculate alikunja uso kama mtu aliyeonja chumvi ndani ya chai.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote, akina mama na watoto. Maxwel alikuwa juu ya trampolini kabla sijamaliza kuingia. Mama yake alijaribu bembea, ilikuwa imara. Alipapasa mtelezo, ulikuwa laini. Nilidhani angefurahi, lakini alianza kutembea kando ya ukuta polepole, macho yakiwa karibu na rangi. Ukuta ulikuwa umechorwa twiga na ndovu. Chini ya tumbo la ndovu, herufi kubwa zilikuwa zimefunikwa kwa rangi nyembamba, na jua lilipozipiga zikasomeka: PLOTI HII HAIUZWI.

Maneno hayo yako kwenye kuta nyingi Nakuru. Huandikwa na mtu anayeogopa kwamba mwingine ataiuza ardhi yake bila yeye kujua.

Karibu na lango alikanyaga kitu. Lilikuwa kufuli, limekatwa kwa msumeno, na pale lilipokatwa palikuwa bado panang'aa.

"Boss, hili ni lako?" alimuuliza Dalmas.

"Ah, hilo. Funguo zilipotea, dada."

"Za nani?"

"Zangu, sasa. Za nani tena?"

"Na haya maandishi umeyafunika?"

"Dada, kwani umeajiriwa na polisi?" Wanawake wakacheka. Dalmas naye akacheka, akaongeza, "Tulieni, watoto wafurahie."

"Na watoto wako wako wapi? Mwenyekiti aliniambia una watatu."

"Wako shule."

"Leo ni Jumamosi."

"Wako tuisheni," alisema, akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Immaculate alituvuta pembeni. "Watu wakigombania ploti, kila mmoja hutafuta kitu cha kuweka ndani ambacho mwenzake ataogopa kukivunja. Wengine hujenga kanisa la mabati. Huyu ameona watoto wetu ni rahisi kuliko mabati."

"Basi si watakuwa salama, kama wanaogopwa?" Mugure aliuliza.

"Mpaka aje mtu asiyeogopa."

"Una ushahidi?"

"Sina. Nina hili kufuli."

"Mama Maxi, mtu ametupa mahali pazuri kwa roho safi, na wewe unamfanya mwizi mbele ya watoto. Utakagua hadi mbinguni ukose pa kukaa."

Immaculate alimwita Maxwel. Mtoto alikataa, akang'ang'ania wavu wa trampolini akilia, na mama yake akavibandua vidole vyake kimoja kimoja. Alimbeba hadi barabarani huku mtoto akimpiga mateke ya tumbo. Hakuna mwingine aliyeondoka. Mimi nilimfuata na mkoba.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi watoto wa jumuiya hupita mbele ya mlango wake na chupa zao za juisi, wakirudi jioni na nyasi kwenye nywele. Hakuna baya lililowapata. Mugure humsalimia kwa adabu tu, bila utani, na sare za binti yake amezipeleka kwa fundi mwingine. Maxwel huuliza kwa nini wao hawaendi. Kufuli limening'inia kwenye msumari juu ya cherehani, na Immaculate hulitazama anapotia uzi kwenye sindano.

Jumamosi iliyopita niliandamana nao hadi bustani ya mjini. Alikuwa amebeba kipande cha zulia kuukuu cha kutandika juu ya mtelezo wenye kutu. Alipanda bembea, akajisukuma, akainua macho kwenye mnyororo. Maxwel alisimama na mkoba. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimelibeba swali moja, na siku hiyo nikalitoa.

"Mama Maxi, na kama yule mtu alikuwa anasema ukweli?"

Alishuka, akamnyanyua mwanawe na kumkalisha mahali pake.

"Basi nitakuwa nimemkosea," alisema, "na nitaenda kumwomba msamaha nikiwa nimemshika mtoto wangu mkono."