Sauti Chini ya Khanga

Santuri niliyoipata sokoni Mwigobero inanuka dagaa, na harufu hiyo inanirudisha chumbani kwa shangazi, kule mtaa wa Makoko. Dirisha limefungwa, joto linatuchoma. Shangazi alikuwaga anafunika spika kwa khanga kabla ya kuweka sindano juu ya santuri. Siku hiyo mwanamke akaimba humo chini, sauti tamu iliyobanwa.

"Shangazi, si wewe huyo?"

"Nilikuwaga mimi. Mume wangu asisikie."

Pikipiki ya mumewe ikanguruma uani. Shangazi akanyanyua sindano katikati ya neno.

Sasa nimeikata sauti yake kutoka santuri hii, kwenye kompyuta, naizungusha juu ya biti yangu, na inakaa vizuri mno. Spika ninazo, kubwa. Lakini navaa hedifoni, na mume wangu akigonga geti, nazima katikati ya neno.