Majina Niliyoyasoma Mlimani

Nilisikia nyundo kabla sijaona nyumba yoyote. Ukungu ulikuwa umefunika mteremko wa Elgon, na ndani yake mtu alikuwa akipigilia mabati. Ndiyo asubuhi niliyoanza kazi mlimani, baada ya miaka mingi ya kuwa bwana shamba kule Misikhu. Vita vya kugombea ardhi mlimani vilikuwa vimetulia. Watu walikuwa wakirudi kwenye mashamba yaliyoota vichaka, na mvua ya kupandia ilikuwa imebakisha siku chache.

Afisa wa Kilimo wa Wilaya alinipa lori kutoka Kitale lenye mbegu chotara ya mahindi, ile ambayo ukiirudia msimu wa pili haizai vizuri, pamoja na orodha ya wenye mashamba.

"Soma jina, mtu atoke, achukue," aliniambia. "Mwenye jina tu. Usiniletee hadithi, bana."

Nilisimama juu ya lori mbele ya watu waliokusanyika, nikasoma. Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nilipofika la tano, wanaume walianza kurudi nyuma, kisha wakakimbia, na akina mama wakawafuata. Nikabaki na magunia, na mawingu yakishuka.

Mchana, mke wa yule mwenye jina la tano, Mama Chebet, alinifuata kwenye stoo nilikoweka magunia.

"Ati hukuambiwa? Waliomchukua mzee wangu walisimama hivyo hivyo na karatasi, wakasoma. Hajarudi mpaka leo."

Nikafungua fomu. "Basi niandike jina lako, mama."

"Nikiweka langu, shemeji zangu watasema nimemzika. Watachukua shamba."

"Na nikiandika lake?"

"Utasema alikuja?"

Ngurumo ilipita juu ya mabati. Akaniangalia kama mwalimu anayemngojea mtoto mzito wa kuelewa.

"Si shamba liko? Andika shamba."

Nikaandika: shamba la chini ya kanisa, linalopakana na kijito. Akaweka kidole gumba. Kesho yake nilipita boma kwa boma nikiandika hivyo, bila kutaja jina la mtu.

"Tangu lini shamba likaweka kidole?" Afisa alifoka alipoziona fomu. Kwa miezi nilingoja barua ya kufukuzwa.

Sasa nimestaafu. Maafisa vijana huniuliza nafasi ya mashimo ya mahindi. Mimi huwauliza kama wanajua karatasi iliwafanyia nini watu wanaokwenda kuwaandika.

Mchana ule kwenye stoo sikuwa na uhakika wa lolote. Mama Chebet alificha mfuko wa mbegu ndani ya leso aliyojifunga, akachungulia barabara juu na chini, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.